Kadi Zilizotolewa

Mimi ni mhudumu wa wodi. Napiga deki, nabadilisha mashuka, nasukuma vitanda vya magurudumu, nabeba ndoo ambazo wengine hawapendi kuzitazama. Nimekaa wodi ya kujifungulia, ile tunayoiita leba, mwaka wa kumi na moja sasa, na kuanzia daktari hadi mlinzi wa getini wananiita Dada Deki. Haya ninayoyaeleza niliyaona mwenyewe. Mengine nilikuwemo ndani yake, kwa sababu kwenye ule mchezo mimi nilikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mimi ambaye hata baiskeli ikinipita karibu nashika ukuta.

Mchezo aliubuni sista mkuu wetu. Tulimwita Mama Rejesta kwa sababu hakuna kilichotokea leba ambacho hakukiandika: mama kaingia saa ngapi, nani kampokea, taa zimezimika dakika ngapi, dripu imekwisha lini. Wenzake walimtania kwamba hata nyumbani mume akipiga chafya anaandika. Mume wake, mchora mabango ambaye sote tulimwita shemeji, alikuwa anaitikia, "Anaandika, na anaweka sahihi."

Mwaka ule tulipoteza akina mama watatu ndani ya miezi miwili, wote kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Siku ya yule wa tatu, sista wa zamu alitoka mbio kumtafuta daktari, akamwacha mama peke yake chumbani, na mimi ndiye niliyemkuta. Sitalieleza hilo. Ikaitishwa semina. Tukashinda ukumbini tukisomewa hatua za kufuata, na sista yule yule alikaa mstari wa mbele akiandika kila neno huku machozi yakidondokea daftari. Mama Rejesta alikuwa amekaa karibu nami. Akaninong'oneza, "Hizi hatua anazijua. Hata siku ile alizijua. Kichwani zimo, miguuni hazimo."

Wiki iliyofuata akaja na boksi la viatu.

Ndani mlikuwa na ubao wa kadibodi uliokunjwa mara mbili, umechorwa na shemeji kwa rangi zile zile za mabango yake: leba, maabara, chumba cha upasuaji, korido ndefu yenye kona, geti. Mlikuwa na vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi, na hivyo ndivyo vilivyokuwa wachezaji. Pembeni ya ubao palichorwa ngazi ya vidaraja saba, na juu kabisa pakawekwa kifuniko chekundu.

"Huyu ni mama," akasema Mama Rejesta. "Amejifungua sasa hivi na damu inatoka. Kila mzunguko ni dakika tano, na kila mtu ana jambo moja tu la kufanya. Tusipofanya la maana, anashuka daraja. Akifika chini, tumempoteza."

Halafu palikuwa na kadi. Akili yake yote alikuwa ameiweka hapo. Alikuwa amekaa na rejesta za miaka mitatu, akaorodhesha kila kilichowahi kutukwamisha mama anapotokwa na damu, na kama jambo lilitokea mara sita, kadi zake zilikuwa sita. Taa zimezimika. Glavu zimekwisha. Daktari yuko chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Ufunguo wa kabati la dawa umekwenda nyumbani kwenye mkoba wa sista aliyetoka zamu. Hiyo ya ufunguo tuliicheka mpaka mbavu zikauma, kisha tukazihesabu. Zilikuwa tano.

Tulikuwa tunacheza saa saba mchana kwenye kachumba ka chai, ubao umewekwa juu ya stuli mbili. Masista wawili au watatu, Mama Rejesta, na fundi wa maabara tuliyemwita Hadubini, mtu mrefu, mwenye maneno machache, anayepangusa miwani hata ikiwa safi. Siku ya kwanza alikosekana mtu wa kuwa dereva. Mama Rejesta akanisukumia kifuniko cha kijani. "Dada Deki, endesha."

"Leseni sina."

"Hata wenye leseni hawaonekani. Endesha."

Tulimpoteza mama mara tisa mfululizo. Mara ya kumi alipona, na masista wakapiga kelele hadi mama mmoja wodini akauliza kuna nini. Tulishajifunza kwamba anayemwona mama wa kwanza haondoki: anaita kwa sauti na mkono wake unabaki tumboni, anakanda kizazi mpaka wengine wafike. Tulijifunza kwamba safari ya kwenda kabatini ilikuwa inakula daraja zima, basi tukashona mfuko wa kitambaa chekundu, tukaweka ndani yake sindano, dripu, glavu na chupa za kipimo cha damu, tukautundika ukutani pembeni ya kitanda. Ufunguo hauna tena kazi. Mama Rejesta alikuwa na saa mkononi hata kwenye kazi ya kweli. Zamani toka kuita hadi sindano zilikuwa zinapita dakika tisa. Baada ya miezi minne zilikuwa mbili. Yule sista aliyetoka mbio ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Nilimwona siku moja ameshika tumbo la mama, anaita kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeita mtu aje kula, na mama yule akapona.

Nasema haya ili ijulikane kwamba mchezo ulifanya kazi. Tatizo letu halikuwa mchezo.

Kuna kitu kimoja kilikuwa kinatushinda. Mara nyingine kadi zilikuja hivi: akina mama wawili wanatokwa na damu kwa pamoja. Au mmoja, lakini maabara hakuna damu ya kundi lake, na gari limetoka. Hospitali yetu haina benki ya damu. Hadubini alikuwa na friji moja dogo, na ndani yake mifuko miwili mitatu ya kubahatisha. Damu nyingine iko hospitali kubwa, dakika arobaini kwa gari, kwenda tu. Kadi hizo zikijipanga, hata tufanyeje, kifuniko chekundu kilishuka mpaka chini. Masista walijaribu kila njia. Ikawa kama ugonjwa; mtu anakuja asubuhi anasema, "Nimeota, tuanze na kipimo kabla ya dripu." Tunajaribu, mama anakufa. Hadubini naye akawa anabaki na daftari, anachora mishale.

Tulicheza hali hiyo mara thelathini na saba. Najua idadi kwa sababu iliandikwa.

Siku moja Hadubini akapangusa miwani, akasema, "Tumekuwa tunabadilisha tunachofanya. Hebu tubadilishe ubao." Akaweka friji kwenye chumba cha leba, na mifuko minne ndani yake ya lile kundi linaloweza kupewa mtu yeyote. Mimi akaniambia, "Dereva, wewe huondoki getini isipokuwa kwa mgonjwa." Tukacheza tena kwa kadi zile zile. Mama wa kwanza akapona. Mama wa pili akapona. Tukacheza mara sita, akapona mara sita. Hakuna aliyepiga kelele safari hii. Tuliutazama ubao tu. Vitu viwili: friji na gari lisilotoka.

Mama Rejesta akaandika ukurasa mmoja, akaupeleka kwa katibu wa hospitali. Katibu alikuwa mtu wa tabasamu, shati lililonyooshwa, anayeshika mkono wa kila mtu hata wetu sisi wa deki. Akasema mchezo anasikia sifa zake na angependa kuuona kabla hajasoma karatasi. Akaja kachumba ka chai, akakaa kwenye kiti kizuri. Nikampa kifuniko changu cha kijani, ndicho alichokitaka.

Mzunguko wa tatu akainua kadi, akaisoma kwa sauti: "Jumamosi. Gari limetoka na mkubwa." Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Mkubwa gani huyu?"

Sista mmoja akaanza kukoroga chai iliyokwisha kunywewa.

"Zipo ngapi hizi?"

"Kumi na tisa," akasema Mama Rejesta. "Kati ya sitini."

Katibu akacheka, akarudisha kadi chini taratibu. "Mchezo wenu una kisirani," akasema. "Mtu hawezi kushinda. Watu wanacheza ili wafurahi, Mama." Alimaliza raundi zote, mama akafa mkononi mwake, akatushukuru kwa ubunifu na akaondoka na ukurasa. Wiki mbili baadaye tukaambiwa ombi linashughulikiwa.

Kilichofuata kilikuja kwa mlango ambao hatukuutarajia. Habari za mchezo zilifika ofisi ya mafunzo ya wauguzi, akatumwa mratibu, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alikaa nasi siku mbili nzima, alicheza, alifungwa, alicheka, aliandika. Siku ya pili alimshika Mama Rejesta mikono yote miwili. Alisema huu mchezo uende kila chuo na kila wodi. Watauchapa kwa rangi. Kuna marekebisho madogo tu.

"Hizi kadi za damu na za gari," akasema. "Na hizi za taa. Haya ni mambo ya utawala, si ujuzi wa muuguzi. Mwanafunzi hawezi kuyabadilisha. Tukimfundisha kwamba anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado ashindwe, atakata tamaa kabla hajaanza kazi."

"Lakini ndivyo ilivyo," akasema Mama Rejesta.

"Najua, dada yangu. Ila tunataka waone kwamba hatua zikifuatwa, mama anapona."

"Wengi wanapona. Wengine hapana."

"Basi tuwafundishe kwa hao wengi."

Nilikuwa nakusanya vikombe. Nilimwona Mama Rejesta akitazama kadi zile alizoziandika moja moja. Hakuwa mjinga. Aliona kwamba mchezo wake ukibaki kwenye boksi la viatu utakufa na boksi, na ukitoka, hata umekatwa mkono, kuna wasichana wengi watajifunza kutotoka mbio. Na aliona jambo jingine. Akasema, "Nitasaini, lakini ukurasa wangu wa friji na gari uende huko juu pamoja na mchezo. Usomwe na wenye uwezo."

"Nitaupeleka kwa mkono wangu," akasema mratibu, na ninaamini aliupeleka. Sijawahi kumwona kama mwongo.

Jioni shemeji alikuja kumchukua mkewe, akasikia habari. Akaukunjua ubao juu ya stuli, akaupitisha kidole. "Hii korido niliichora ndefu kwa sababu ulisema ni ndefu. Mkizitoa hizo kadi, korido itapitika kila siku."

"Ninajua, baba."

"Mimi nasema tu. Mchoraji ni wewe, mimi ni brashi."

Alisaini. Baada ya miezi minane mchezo ukaja umechapwa, boksi zuri gumu, juu yake mama anatabasamu na mtoto. Ubao unang'aa. Ukifuata hatua zote kwa mpangilio bila kuchelewa, kifuniko chekundu, ambacho sasa kilikuwa sanamu ndogo ya plastiki, hakifiki chini kamwe. Hadubini alicheza mara moja, akashinda, akapangusa miwani na kurudi maabara.

Kuhusu ukurasa, barua ilikuja yenye muhuri. Ombi linashughulikiwa.

Chapchap alitufikia pamoja na wanafunzi wengine watatu waliokuja kumalizia mafunzo kwa vitendo. Jina hilo tulimpa siku ya pili, maana alikuwa haendi, anafika. Umri wa binti yangu wa kwanza. Chuoni alikuwa bingwa wa mchezo. Walishindanishwa darasa zima na hakuwahi kumpoteza mama hata mmoja. Alinihadithia huku akinisaidia kukunja mashuka, kazi ambayo si yake. "Shangazi," akaniambia, ndivyo alivyoamua kuniita, "nilipojua nakuja hapa ulipozaliwa mchezo sikulala."

"Usitegemee kukuta kasri," nikamwambia. "Kachumba ka chai kanavuja."

Alikuwa hodari kweli. Mikono yake ilikuwa imetulia, na akina mama walimpenda kwa sababu aliwaita kwa majina na alikumbuka watoto wao wa nyumbani wanaitwaje. Mama Rejesta alimfurahia kwa namna aliyoificha. Alimpa rejesta aandike, na hilo hakumpa mtu kirahisi.

Ikawa Jumamosi moja, saa tisa na robo alasiri. Mama aliyekuja kujifungua mtoto wa pili, mtu mcheshi, alikuwa ametuchekesha mchana kutwa kwa kumlaani mumewe kwa jina kila uchungu unapokuja. Mumewe alikuwa koridoni na anasikia. Mtoto alitoka vizuri, wa kiume, analia. Kondo la nyuma likatoka. Kisha damu ikaja, na nilivyoiona ikijaza shuka nikajua si ile ya kawaida.

Chapchap hakuondoka. Mkono ulikuwa tumboni kabla sijaweka ndoo chini. Akaita. Sista wa zamu akafika, mfuko mwekundu ukafunguliwa, sindano ndani ya dakika moja, dripu mkono huu, dripu mkono ule, damu ya kipimo ikachukuliwa na mimi nikaikimbiza maabara. Nilikimbia ile korido na kona yake yote. Hadubini aliipima huku nikimsimamia. Akafungua friji lake, akasimama akiangalia ndani.

"Mfuko wa kundi lake ulikuwa mmoja," akasema. "Umeingia chumba cha upasuaji saa nane. Yupo mwingine kule amepasuliwa."

"Na ile ya kila mtu?"

Alitikisa kichwa. Nikapiga simu getini kuuliza gari. Mlinzi akaniambia limetoka saa nne asubuhi, limempeleka katibu kwenye kikao, halijarudi. Nikapiga simu ya dereva, ikaita mpaka ikakata. Nikarudi leba na mikono mitupu, na kila aliyekuwepo alinitazama mikononi kwanza.

Mama Rejesta alikuwa mapumziko. Aliitwa, alifika na nguo za nyumbani. Daktari alitoka kwenye upasuaji na kuingia kwetu moja kwa moja. Mume wa mama na jirani mmoja walitolewa damu, lakini damu zao hazikulingana. Walitafuta teksi ya kwenda hospitali kubwa kufuata damu, na Hadubini mwenyewe aliingia ndani yake na kisanduku cha barafu mapajani. Chapchap alikuwa bado amekandamiza, mkono mmoja ndani, mwingine juu, jasho linamdondoka puani, hakukubali kupokelewa. Alikuwa anahesabu hatua kwa sauti ndogo. Akimaliza anaanza upya. Yule mama alikuwa mcheshi hadi karibu na mwisho. Alimwambia, "Mwanangu, pumzika, utachoka," kisha akauliza kwa nini chumba kimekuwa na baridi.

Alifariki saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Hadubini alirudi na mifuko miwili baada ya dakika ishirini na tano.

Nilimsafisha mimi. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni na mfuko wa nguo za mtoto, amezipanga magotini, anachagua ya kumvika. Sista alimpa habari. Yeye aliendelea kuchagua kidogo, kama mtu ambaye hajamaliza sentensi yake.

Jumatatu Chapchap alikuja kazini kabla ya wote. Nilimkuta kachumba ka chai, amefungua boksi la rangi na kupanga ubao. Alikuwa anapitia hatua moja moja, akizilinganisha na karatasi aliyoandika muda wa kila kitu. Aliponiona aliuliza, "Shangazi, wewe ulikuwepo. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea, mwanangu."

"Nilikosea. Nikifuata zote anapona. Kuna moja nimeiruka."

Alimuuliza sista. Alimuuliza daktari, naye akamweleza vizuri, kwa heshima, kwamba hakuna kitu cha ziada angefanya. Alikuwa anaitikia ndiyo, ndiyo, kisha jioni anarudi kwenye ubao. Alianza kuwashika akina mama matumbo hata wasio na tatizo, mpaka wakalalamika. Aliacha kuwaita kwa majina. Wiki ya pili mikono yake, ile mikono iliyotulia, ilianza kukosa mshipa, akichoma mara mbili tatu.

Mama Rejesta hakuvumilia. Siku ya Ijumaa saa saba alifunga mlango wa kachumba ka chai, tukiwa sisi wanne: yeye, Chapchap, Hadubini na mimi. Akapanda kwenye stuli, akashusha boksi la viatu kutoka juu ya kabati. Vumbi lilikuwa limejaa. Akapanga ubao wa shemeji, vifuniko vya soda, na zile kadi zote, hata zile zilizotolewa. Akazipanga makusudi jinsi ilivyokuwa Jumamosi ile: daktari upasuaji, mfuko mmoja umetumika, gari limetoka na mkubwa.

"Cheza," akamwambia. "Fanya utakalo. Anza upya mara utakazo."

Chapchap alicheza. Mama akafa. Akabadilisha mpangilio, mama akafa. Mara ya tatu aliweka vifuniko vingine vyote leba, akaninyang'anya gari akaliendesha mwenyewe, akakuta halipo. Mama akafa. Mama Rejesta akamwonyesha daftari la Hadubini, mistari thelathini na saba, kila mstari jaribio moja na mwisho wake msalaba mdogo. "Unaona?" akasema kwa sauti ya mtu anayempa mtoto dawa. "Si wewe. Haikuwa wewe hata kidogo. Hapa hakuna mtu angeweza."

Nilimtazama Chapchap usoni nikidhani mzigo utashuka. Alisoma daftari ukurasa ule, akageuza, akaangalia tarehe iliyo juu. Ilikuwa tarehe ya miaka miwili nyuma.

"Kwa hiyo mlijua," akasema.

Hakusema kwa hasira. Hasira ingekuwa nafuu. Hadubini alivua miwani na safari hii hakuipangusa, aliishika tu.

"Tuliomba," akasema Mama Rejesta. "Tuliandika. Barua ninazo, nitakuonyesha."

"Mlijua siku ipi, na gari litakuwa wapi. Mlijua hata idadi." Aliweka daftari mezani kwa uangalifu. "Yule mama aliniambia nipumzike."

"Mwanangu..."

"Chuoni nilikuwa nawafundisha wenzangu. Nilikuwa nawaambia ukifuata hatua hafi."

Alisimama, akaniomba radhi kwa kunipita, akafungua mlango. Tulidhani amekwenda wodini. Mlinzi alimwona akitoka getini na sare, anatembea polepole, yeye ambaye hakuwahi kutembea polepole. Simu yake haikupokelewa. Mama Rejesta alikwenda hosteli ya wanafunzi mara mbili, akaambiwa amerudi kwao.

Miongoni mwetu hatukulizungumza sana. Sista mmoja alisema afadhali tungemwacha aamini alikosea, watu wanapona kosa. Mwingine alisema hapana. Mama Rejesta aliandika ukurasa upya, mrefu zaidi, akaambatanisha muda wa Jumamosi ile dakika kwa dakika, akaomba kuonana na katibu. Katibu alimsikiliza mpaka mwisho, macho yamemlowa kweli, akasema amesikitika mno na kwamba ombi lipo mezani linashughulikiwa. Jumamosi iliyofuata gari liliondoka saa nne. Kisha ikaja barua kutoka ofisi ya mafunzo, imejaa pongezi, inamwomba Mama Rejesta azungukie hospitali sita kufundisha mchezo. Nilidhani atakataa. Alinitazama akasema, "Nikikataa, watajifunza hata kutoondoka kando ya mama? Hawatajifunza." Akapanga nguo zake.

Alikuwa safarini siku baba yake Chapchap alipokuja kuchukua vitu vya binti. Mzee mwembamba, fundi saa, alijitambulisha hivyo, koti limefungwa vifungo vyote. Nilimletea mfuko: sare ya pili, viatu, kitabu, kikombe. Alivihesabu kwa macho.

"Wewe ndiye shangazi?" akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Hasemi sana. Anashinda ndani. Anasema tu kwamba alishindwa. Nikamuuliza wakubwa wako walisemaje, akasema walisema hakushindwa." Alihamisha mfuko kutoka mkono huu hadi ule. "Sasa mimi nimekuja kuuliza. Mwanangu aliharibu nini?"

"Hakuharibu kitu. Nilikuwepo. Alifanya kila kitu."

"Na mtu akafa."

"Akafa."

Alifikiri. Ndani, mama mmoja alikuwa anaita, na sista anamjibu. "Saa ikija kwangu imesimama," akasema, "nikaifungua nikakuta kila kitu kizima, siwezi kumrudishia mwenyewe nikamwambia ni nzima. Imesimama. Nimwambie nini huyu mtoto?"

Nilimkaribisha akae, nikamwambia nitamletea chai, akakataa. Akauliza kama anaweza kuonana na sista mkuu. Nikasema amesafiri, amekwenda kufundisha mchezo.

"Mchezo," akasema, bila kuuliza. "Anarudi lini?"

"Ijumaa."

"Basi mwambie nilikuja."

Ijumaa nilimwambia Mama Rejesta. Alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la safari, hajalitua. Alisikiliza yote, hata hilo la saa. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama yule mzee alikubali kukaa. Nikamwambia hapana, alisimama muda wote.